Wastani wa .318 haumpandishi mtu Ligi Kuu ya besiboli

Ujumbe umekuja tena wiki hii, wa tano tangu msimu uanze: "Kaka, jamaa anapiga .318 Triple-A, mbona hawamwiti?" Yaani mpigaji huyo anapata mipigo salama 318 kwa kila majaribio 1,000, tena Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo za besiboli Marekani, hatua moja chini ya Ligi Kuu (MLB). Nikafungua rekodi zake. Ana miaka 27. Anacheza beisi ya pili, na siku chache wamemweka beisi ya kwanza. Timu yake iko Pacific Coast League, mojawapo ya ligi za Triple-A. Nikajibu kwamba sidhani kama ataitwa karibuni, na aliyeniuliza akanuna. Basi ngoja nieleze kwa kirefu, maana kutathmini wachezaji wa ndani (walinzi wa karibu na beisi) wa ligi ndogo ndiyo kazi inayonilisha, na swali hili linanichosha kwa kuwa kila mara linaanzia kwenye namba ambayo mimi huitazama mwisho.

Kwanza umri. Kijana wa miaka 20 anayepiga .255 Double-A, ngazi moja chini ya Triple-A, anarushiwa mipira na watu waliomtangulia miaka mitatu minne. Mwenye miaka 27 Triple-A amekwisha kuiona slaida ileile, mpira unaorushwa ukapinda, misimu na misimu. Kwangu yule wa .255 yuko mbele, tena kwa mbali.

Halafu uwanja. Albuquerque, mmoja wa miji ya ligi hiyo, iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Reno, mwingine, haiko chini sana ya hapo. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. Watu wanalijua hilo, ila wanasahau kwamba hewa hiyohiyo inainyima slaida mpindo wake, kwa hiyo mpigaji anafaidika mara mbili. Isitoshe, msimu wa 2023 viwanja vyote vya Triple-A vilitumia mashine kuamua straiki (mpira uliopita eneo halali la kupigwa), na beisi za bure, anazopewa mpigaji mrushaji akikosea eneo hilo mara nne, zikaongezeka. Namba za mwaka ule ninazisoma kwa tahadhari hadi leo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna anayeniuliza: anaweza kusimama wapi uwanjani?

Hesabu nafasi pamoja nami. Timu ya Ligi Kuu ina watu 26 kwa sehemu kubwa ya msimu, na warushaji wanaruhusiwa kufika 13. Timu karibu zote huijaza idadi hiyo. Wamebaki 13. Tisa wanaanza, ukimhesabu mpigaji maalumu asiyelinda. Wanne wako benchi. Mmoja wao ni mdakaji wa akiba, yule anayedaka mipira ya mrushaji, hana mjadala. Kati ya watatu waliosalia, angalau mmoja atakuwa wa kulinda nje. Kwa hiyo mchezaji wa ndani anayeingia kwa kupitia benchi anagombea nafasi moja, mbili kukiwa na neema, na sharti la nafasi hiyo ni kuweza kucheza shotistopu, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko ya beisi ya pili. Shotistopu akiteguka kifundo katikati ya mchezo, kocha hana muda wa kupiga simu Triple-A. Anageuka, anatazama benchi, na lazima pawe na mtu pale.

Mtu wa beisi ya pili peke yake hana mlango huo. Anatakiwa aanze, na ili aanze gongo lake lazima limshinde aliyepo. Na aliyepo, mara nyingi, ni mtu aliyekua akicheza shotistopu akahamishwa. Ukimkuta kijana wa miaka 21 yuko beisi ya pili tayari, jiulize ni nani alimwondoa shotistopu, na kwa nini. Ni mkono hautupi kutoka kwenye shimo kati ya shotistopu na beisi ya tatu? Ni hatua ya kwanza imechelewa? Mimi huenda uwanjani mapema nikatazame mazoezi ya kudaka mipira ya chini, nikiangalia miguu tu. Tangu 2023 Ligi Kuu inalazimisha walinzi wa ndani wawili kila upande wa beisi ya pili, miguu yao isivuke ukingo wa nje wa udongo. Hapo kabla, mlinzi mzito alifichwa kwa kupangwa mahali mpira ulipotarajiwa. Siku hizi anaonekana.

Anayetaka ushahidi amtazame Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na klabu ya Pittsburgh mwaka 2008, akakaa ligi ndogo misimu mingi, na gongo lake halikumsifia hata siku moja. Alijaribu kupiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto, akaacha. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa akapata mpigo salama dhidi ya Jon Lester. Glavu ndiyo iliyompeleka. Gongo ndilo lililomrudisha: michezo yake ya Ligi Kuu, Pittsburgh na kisha Toronto, haikufika hamsini. Lakini alifika, na wapo wengi waliompita kwa wastani wa kupiga ambao hawakufika.

Mfano wa upande wa pili ni Brandon Wood, shotistopu wa klabu ya Angels. Mwaka 2005 alipiga homurani 43 (mipigo inayovuka uzio) akiwa Rancho Cucamonga, timu ya ligi ndogo, kwenye ligi inayojulikana kwa kuwapendelea wapigaji. Straiki tatu, zinazomtoa mpigaji, zilikuwa nyingi, watu wakaziachia kwa sababu ya zile 43. Ligi Kuu alimaliza na wastani wa .186. Nikiona kijana anakosa mpira hovyo ndani ya eneo la straiki, nguvu zake hazinipi usingizi mnono. Anayekosa Double-A atakosa zaidi huko juu.

Hapo nisijifanye najua kila kitu. Kwenye mizani yetu ya 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, mkono na mbio naweza kukupa bila wasiwasi. Uwezo wa kupiga ninaukisia, na wenzangu wote wanaukisia, hata wenye kompyuta kubwa. Mookie Betts alicheza michezo 71 Lowell, timu ya ligi ndogo ya Boston, mwaka 2012 bila homurani hata moja: kijana mdogo wa umbo, mchezaji wa ndani. Mwaka uliofuata alipata beisi za bure nyingi kuliko straiki tatu, na homurani zikaanza kuja. Boston walikuwa na Dustin Pedroia beisi ya pili, wakamhamishia nje, na 2018 akawa mchezaji bora wa American League, nusu moja ya Ligi Kuu. Nani aliiona homurani Lowell? Macho yake kwenye mpira yalionekana. Nguvu haikuonekana, na mimi ningempa 40 ya nguvu nikalala.

Kuna pia mambo ya karatasi. Asiyekuwa kwenye orodha ya watu 40 wa klabu, orodha ikiwa imejaa, anahitaji mtu aondolewe ili aingizwe, na klabu hazipendi kumpoteza mtu kwa ajili ya mgeni wa wiki mbili. Aliyemo na mwenye opsheni zilizobaki, yaani ruhusa ya klabu kumrudisha ligi ndogo, hupanda na kushuka bila shida. Yule wa .318 hayumo kwenye orodha.

Msimu huu ninamfuatilia kijana wa miaka 19, Single-A, chini ya Double-A, shotistopu, anapiga .231. Straiki tatu ni chache na hatua ya kwanza ni ya haraka mno. Kwenye kupiga nilimwandikia 45. Juzi alisimama mbele ya mrushaji mzuri, akauachia mpira uliotoka nje kidogo tu ya sahani, ile alama ya chini mbele ya mpigaji, mara tatu katika zamu moja. Nimerudi nyumbani nikaifungua ripoti, na ile 45 bado sijaigusa, wala sijaifunga ripoti.