Darasa la saba si mwaka wa kukariri pepa

Mitaani Dar es Salaam, kuanzia Temeke hadi Kinondoni, wazazi wengi bado wanaamini kwamba mtoto wa darasa la saba akikariri majibu ya mitihani iliyopita, basi amemaliza kazi. Si kweli. Pepa za nyuma zinafaa kwa mazoezi, ila namba hubadilika, na katika Hisabati mtahiniwa hutakiwa kuonesha njia.

Chukua riba. Asha ameweka benki shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kwa miezi 9. Aliyekariri huzidisha 200,000 × 6 × 9, akagawa kwa 100, akapata 108,000: riba inayozidi nusu ya fedha zenyewe! Kosa ni muda. Kiwango ni cha mwaka, hivyo miezi 9 iandikwe 9/12. Jibu ni shilingi 9,000.

Namba hasi nazo huangusha wengi: −8 − (−3) ni −5, si −11, kwa kuwa kutoa hasi ni kujumlisha.

Nyumbani, mpe swali lilelile, badilisha namba, kisha mwambie aeleze kila hatua kwa mdomo. Akikwama, mrudishe kwenye hatua hiyo. Usimpe pepa nyingine.