Mwacheni achore embe

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha na vijana wakimbizi hapa Mombasa, na wengi wao nakutana nao kwenye meza ya rangi au kwenye mazoezi ya maigizo. Wageni hawatuishi: walimu, wafadhili, wanachuo, waandishi wa habari, watu wa kujitolea. Nia zao njema, sina shaka nazo. Lakini karibu kila mmoja huja na neno lilelile: "Mwambie achore yaliyompata, yamtoke moyoni." Nimelisikia mpaka masikio yameota sugu. Nimeamua kuliandikia, ili atakayekuja tena nimpe asome kabla hajavuta kiti.

Dhana: asiposimulia mkasa wake, hatapona

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa kuwa imevaa nguo za huruma. Watu huamini machungu hukaa ndani ya mtu kama usaha, ukishalitumbua jipu, mtu kapona. Sivyo. Miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwaita watu waliotoka kwenye maafa, kuwaketisha na kuwaongoza wasimulie yote katika kikao kimoja. Desturi hiyo ilipopimwa kwa utafiti, haikuonekana kumkinga mtu na maradhi ya kiwewe. Katika baadhi ya tafiti, waliopitishwa kikaoni walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko walioachwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye mwongozo wake kwamba vikao vya namna hiyo visitumiwe kwa watu waliotoka kupatwa na janga. Na mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 ulikwisha kusema: msikilize anayetaka kuzungumza, usimshurutishe asiyetaka.

Sasa mtazame kijana mwenyewe. Kabla hajafika mezani kwako ameshasimulia kwenye usajili, kwenye usaili wa kuomba hadhi ya ukimbizi, kwa polisi aliyemsimamisha njiani, na kwa mwalimu mkuu aliyetaka kujua kwa nini hana cheti cha kuzaliwa. Amejifunza kwamba mkasa ndio sarafu yake, ukiutoa unapewa kitu. Ukimwomba atakupa, tena atakupa ule aliouona ukiwagusa watu wazima. Utaondoka na machozi na picha nzuri. Yeye atarudi mtaani kwake, Kisauni au Majengo, na yote aliyoyafukua, na saa nane ya usiku yakimjia wewe hutakuwepo.

Kuna na mengine ambayo mgeni hayaoni. Maelezo ya mkimbizi yako kwenye faili, na uamuzi juu ya hadhi yake hutegemea maelezo hayo. Umemwambia atunge igizo la maisha yake, achanganye kweli na tungo, kisha unarekodi na kusambaza? Unamtengenezea toleo la pili la jambo ambalo anatakiwa awe na moja. Tena humo chumbani hujui nani ameketi na nani. Vijana wa Kivu, wa Burundi, wa Somalia, wengine familia zao zilikuwa pande mbili za ugomvi mmoja. Akianza mmoja kueleza usiku wa kukimbia, wenzake kumi wanaburutwa naye bila kuulizwa.

Najua atakayenijibu kwamba ipo tiba ya kusimulia. Ipo, nami naiheshimu. Kule Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali walitibiwa kwa njia hiyo, na waliowatibu walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Lakini ilikuwa tiba: mtoa huduma amefunzwa na anasimamiwa, vikao ni kadhaa na vina mpango, mhusika amekubali akijua anaingia wapi. Jumamosi ya rangi na soda si hiyo.

Basi sanaa ina faida gani? Humrudishia kijana uamuzi. Aliyekimbia hakuchagua siku ya kuondoka, hakuchagua basi wala mpaka, na bado hachagui atakaa wapi mwakani. Mezani anachagua. Anga iwe ya zambarau, mhusika afe au asife, karatasi hii ichanwe ianzwe nyingine. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyesoma Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, aliwafundisha watoto kuchora ndani ya Terezín, kambi ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, tangu mwisho wa 1942 mpaka alipopelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz Oktoba 1944, ambako aliuawa. Aliacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto ipatayo 4,500. Ukiitazama utakuta maua, nyumba, mashamba, meza iliyoandaliwa. Aliwafundisha mwendo wa mstari na uzito wa rangi, na hakuwaagiza wachore kambi. Waliotaka kuichora waliichora.

Kijana mmoja wa kwetu alichora maembe, kila juma embe. Mgeni akanivuta kando: "Dada, huyu hana la kusema?" Analo! Embe lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, naye kile kivuli kilikuwa kinamshinda na hakutaka kukiacha. Mtu anayerudi juma lijalo kupambana na kivuli cha embe ana kitu cha kumngoja kesho, na kwa kazi yangu hilo ni habari kubwa.

Ushauri wangu, na hapa mnivumilie maana nina ukali wangu: usitoe mada. Usiulize "hii ni nini?" Sema unachokiona, "umetumia kijani kingi hapa," kisha nyamaza. Anza na maliza kwa saa ileile kila juma, maana vijana hawa wamechoka na mambo yanayokatika ghafla. Mlango uwe wazi anayetaka kutoka atoke. Na tafadhali, nunueni karatasi nzito na rangi zinazoshika. Sijui nani aliamua kwamba mkimbizi apewe kreyoni zilizovunjika na upande wa pili wa karatasi za ofisi. Kijana huona, na hujua amepimwa kiasi gani.

Dhana nyingine, kwa ufupi

"Chakula kwanza, sanaa baadaye." Mwongozo wa kimataifa wa msaada wa kisaikolojia na kijamii wakati wa dharura, uliotolewa mwaka 2007, huchorwa kama piramidi. Chini kabisa ni usalama na mahitaji ya lazima, juu yake ni familia na jamii, na michezo, ibada na sanaa zimo humo. Ngazi zote zinatakiwa zifanye kazi pamoja, hazipangi foleni. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa kila mtoto haki ya kucheza na kushiriki sanaa katika kifungu cha 31. Sijasikia watoto wa Nyali, mtaa wa wenye nacho, wakiambiwa waache piano mpaka wote washibe.

"Hawa wote wameharibika akili na vita." Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba kati ya watu walioishi penye vita katika miaka kumi iliyotangulia, takriban mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, na kwa wengi wa hao ni la kiasi kidogo. Maana yake wanne hawana. Wana huzuni, hasira na uchovu, kama ambavyo ungekuwa navyo wewe.

"Wakimbizi wako kambi za Dadaab na Kakuma, Mombasa hakuna." Anayesema hivi hana mzee wa kumuuliza. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 watu waliingia pwani hii kwa majahazi, na kambi ya Utange ilijaa. Walikuwemo Wabarawa, watu wa mji wa Barawa huko Somalia, wenye lugha yao ya Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Kambi za pwani zilifungwa miaka hiyohiyo ya 1990, lakini wakimbizi hawakwisha mjini. Waishio mjini wengi hujitafutia wenyewe. Mgao wa chakula uko kambini.

"Rangi ni za shirika, kwa hiyo mchoro ni wa shirika." La. Hakimiliki ni ya aliyechora, hata akiwa na miaka kumi na mbili. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Kila ikikaribia Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, kamera hujaa. Mimi humuuliza mzazi, kisha namuuliza kijana peke yake, kisha namuuliza tena baada ya siku chache, kwa kuwa "ndiyo" ya mbele ya mfadhili siihesabu. Kuna watu hapa waliotoroka wabaya wao, na wabaya hao nao wana simu za kuziona picha.

"Akishapata sanaa hahitaji daktari." Huu ni upande wa pili wa ujinga uleule, na wanaousema ni sisi wa sanaa. Kijana asiyelala majuma kwa majuma, aliyeacha kula, anayejikata, anayesema heri angekufa, au aliyeanza kuishi kana kwamba hayupo, huyo hahitaji brashi nyingine. Kaa naye, mjulishe mlezi kama nyumbani ni salama, na mpelekeni hospitali. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Kama hujui pa kuanzia na ni mtoto, piga 116, simu ya watoto. Haikatwi salio, na hupokewa usiku na mchana.