Yuko-datotsu: pigo lipi huhesabiwa katika kendo?

Ukitazama kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mwanzi, kwa mara ya kwanza utashangaa jambo moja. Mapigo yanatua vichwani, mikononi na mbavuni mfululizo, kelele zimejaa ukumbi, lakini waamuzi watatu wamesimama tu, bendera zao chini. Mara linatua pigo ambalo machoni pako halina tofauti na yaliyotangulia, na bendera zote tatu zinapaa kwa pamoja. Hilo ndilo yuko-datotsu: pigo au mchomo uliotimia. Asiyeijua dhana hii ataona watu wakichapana tu, na itakuwa hasara, kwa sababu uzuri wote wa kendo umejificha humo.

Kwenye soka mpira ukivuka mstari ni goli, hata kama ulimgonga mfungaji gotini bila kukusudia. Kendo haina goli la namna hiyo. Kanuni za mashindano zinataka mambo kadhaa yakutane katika pigo moja: ari kamili, mwili uliosimama vizuri, sehemu sahihi ya shinai (upanga wa mwanzi), mahali sahihi kwa mpinzani, makali yaliyoelekezwa sawasawa, na mwisho zanshin, yaani kubaki macho baada ya kupiga. Likikosekana moja, umegonga lakini hukupata kitu. Yakitimia yote unapewa ippon, yaani pointi moja, neno ambalo wapenzi wa judo wanalifahamu. Mechi ya watu wazima kwa kawaida ni ya dakika 5, na anayetangulia kupata ippon mbili ameshinda.

Mahali pa kupiga ni panne. Men ni kichwa, do ni ubavu, kote ni kifundo cha mkono (kwa kawaida wa kulia), na tsuki ni mchomo wa kooni, ambao Japani watoto hadi sekondari ya chini hawaruhusiwi kuutumia mashindanoni. Mgeni huchanganyikiwa kidogo hapa, kwa kuwa men, kote na do ni majina ya vifaa vya kujikinga vilevile: ile kofia yenye nondo za chuma usoni ni men, na pale inapopigwa ni men. Kiunoni huvaliwa kinga ya nne, tare, ambayo hubeba kitambaa chenye jina la mchezaji, ila kuipiga hakuna faida yoyote. Na mpigaji sharti apige ukelele, kiai, ambao kwa desturi huwa ni jina la mahali anapopalenga: “Men!” Pigo la kimyakimya halina ari, na mwamuzi halihesabu.

Sasa tuje kwenye makali, ambayo kwa Kijapani huitwa hasuji yanapofuata mstari wake. Shinai ni fito nne za mwanzi zilizofungwa pamoja. Haina makali popote, ukiipapasa ni mviringo tu. Lakini itazame kwa karibu: kuna ugwe mmoja, tsuru, uliokazwa kutoka nchani hadi kwenye mpini. Upande wenye ugwe huo ndio mgongo wa upanga. Basi makali yako upande wa pili, mkabala na ugwe, na huo ndio upande unaopaswa kutua. Kwenye men ni rahisi, maana mikono inashuka moja kwa moja. Shida iko kwenye do. Shinai inatoka juu kwenda ubavuni, viganja visipogeuka kwa wakati inatua kwa ubapa, na hapo hata kama mlio ulitikisa ukumbi, bendera hazinyanyuki. Mwanzi unatendewa kama chuma, kwa sababu kendo ilitokana na upanga wa samurai na haijakubali kuusahau.

Karibu na ncha utaona pia kamba fupi ya ngozi, nakayui, iliyozungushwa kwenye fito. Robo hiyo ya juu ndiyo inayopiga. Ukimkaribia mno mpinzani ukampiga kwa katikati ya shinai, umepoteza nguvu zako bure. Ndiyo maana wachezaji hodari huonekana kama hawafanyi lolote kwa sekunde nyingi: wanatafuta maai, ule umbali ambao hatua moja inatosha kufikisha pigo. Hatua yenyewe ina kishindo, mguu wa kulia unakanyaga sakafu kwa nguvu. Sauti, shinai na mguu vinatakiwa vifike pamoja, na kukutana huko kunaitwa ki-ken-tai-itchi.

Kwangu mimi, kiini cha mambo yote haya ni zanshin. Ni kubaki macho baada ya kupiga. Mpigaji anapita mbele, anageuka, anaelekeza tena ncha ya shinai kwa mpinzani, akiwa tayari kana kwamba pigo lake halikumaliza kazi. Kwa panga za kweli, aliyejeruhiwa angeweza bado kukuua. Kwa hiyo mwamuzi haamui kwa mlio wa pigo peke yake, anamfuata mpigaji kwa macho hadi anapogeuka. Na ukishapewa ippon, ukanyoosha ngumi juu kushangilia, waamuzi wanaweza kukutana katikati ya uwanja na kukunyang'anya. Naiona hii kuwa kanuni nzuri kuliko zote katika michezo ya mapambano. Inamlinda aliyepigwa, na inamdai aliyepiga aendelee kuwa mtu yuleyule sekunde moja baada ya ushindi.

Zanshin haipimwi kwa mashine. Katika mchezo wa vitara vya Ulaya taa huwaka ncha inapogusa. Katika kendo kuna macho ya watu watatu, bendera nyekundu na nyeupe, na wawili wakikubaliana inatosha. Mashindano ya dunia ya kwanza yalifanyika Japani mwaka 1970, na hadi leo kendo haimo kwenye Olimpiki. Shirikisho la Japani, katika tamko lake la mwaka 1975, lilisema lengo la kendo ni kuinidhamisha tabia ya mtu kwa kufuata kanuni za upanga. Mtihani wa dani (daraja la ustadi) ya 8 unaendana na tamko hilo: lazima uwe na umri wa miaka 46 au zaidi, uwe umemaliza miaka 10 tangu upate dani ya 7, na bado wanaofaulu ni kama mmoja katika kila mia. Hakuna anayefaulu huko kwa kuhesabiwa mapigo.

Ipo pia ippon ya bure. Makosa mawili, kama kutoka nje ya mstari au kuangusha shinai, humpa mpinzani ippon moja. Lakini ukimwona mwenzako ameangusha shinai, usimngojee mwamuzi aseme “yame”, yaani simameni. Ukipiga papo hapo, na pigo likawa na yote yale, linahesabiwa.