Osileta na filta: koo na mdomo wa sinthesaiza

Sema "aaa" kwa noti moja, isipande wala isishuke. Sasa, bila kukata pumzi, kaza midomo taratibu mpaka ufike "ooo", halafu "uuu". Noti haikubadilika. Koo lilitetema vilevile mwanzo hadi mwisho; kilichobadilika ni mdomo, uliozidi kuuzuia ule ukali wa juu hadi ukabaki mvumo tu. Hapo umeshaendesha osileta na filta, ila za nyama.

Osileta ndiyo koo la sinthesaiza, ala ya muziki inayotengeneza sauti kwa umeme. Ni sakiti inayotoa umeme unaopanda na kushuka kwa kujirudia. Ukijirudia mara 110 kwa sekunde, spika inatoa noti ya La ya besi, na mara 220 ni La ileile oktavu moja juu. Filta ndiyo mdomo: haitungi noti, inaamua ni kiasi gani cha sauti hiyo kipite.

Nichukue mfano wa Minimoog Model D, sinthesaiza ya Kimarekani ya mwaka 1970, kwa sababu paneli yake inasomeka kama sentensi, kushoto kwenda kulia: osileta tatu, mikisa ya kuzichanganya, filta, kisha ukubwa wa sauti. Ukiielewa hii, nyingi zilizokuja baadaye hazitakusumbua.

Kwenye kila osileta kuna nobu, kitufe cha kuzungusha, yenye namba 32, 16, 8, 4 na 2. Hizo ni futi, urithi wa vinanda vya mabomba vya makanisa ya Ulaya: bomba likifupishwa nusu, noti hupanda oktavu moja. Basi 16 iko oktavu moja chini ya 8, na besi nyingi hukaa hapo.

Nobu ya pili huchagua umbo la wimbi, na hii ndiyo ya kukaa nayo. Wimbi la meno ya msumeno likipigwa kwenye 110 halitoi 110 peke yake. Ndani yake mna 220, 330, 440, 550 na kuendelea, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia. Hizo huitwa hamoniki, na ndizo zinazolifanya liwe kali na lenye kujaa. Wimbi la mraba lina 110, 330, 550, yaani linaruka moja moja, ndiyo maana lina uwazi fulani wa ndani kama klarineti. La pembetatu nalo huruka vilevile, lakini hamoniki zake hufifia haraka mno, likabaki laini karibu na filimbi.

Wengi hukosea hapa. Anachagua pembetatu, anazungusha filta, anashangaa mbona tofauti ni ndogo. Filta ni kifumbu: hakikamui tui ambalo halikuwemo kwenye nazi. Ukitaka filta ifanye kazi ya kusikika, ipe msumeno.

Nobu kuu ya filta imeandikwa "Cutoff Frequency", nami naiita kikomo. Kiweke karibu na mara 400 kwa sekunde huku umeshikilia ile La ya 110: hamoniki ya 110, 220 na 330 zinapita, zilizo juu zinabanwa. Hazikatwi kwa kisu. Kwenye filta ya Minimoog, kila unapopanda oktavu moja juu ya kikomo, wimbi hupungua hadi kama sehemu moja ya 16, kwa hiyo ni mteremko, japo mkali. Ukikishusha kikomo mpaka mwisho, kimya. Mimi mara ya kwanza nilikwenda kukagua waya wa spika.

Nobu ya jirani, "Emphasis", huzipa nguvu hamoniki zilizo karibu kabisa na kikomo. Iongeze kidogo, kisha zungusha kikomo polepole: utasikia hamoniki zikichomoza moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda ngazi. Iongeze sana na filta yenyewe itaanza kupiga mluzi, hata bila osileta. Kuna gharama: kadiri unavyoipandisha, besi inakonda. Kwa muziki wa kuchezeka, mimi huiacha chini ya nusu.

Kabla hujaigusa tena filta, washa osileta ya pili kwenye futi ileile na uipotoe kidogo sana, 110 dhidi ya 110.5. Sauti itaanza kuvimba na kunywea mara moja kila sekunde 2, na hamoniki za juu zitafanya hivyo kwa kasi zaidi. Unene ambao watu huusifu kwenye sinthesaiza za zamani, sehemu yake kubwa ni huo mpotoko mdogo, wala si filta.

Osileta ya tatu ina kazi nyingine. Ukiiweka nobu yake ya futi kwenye "LO", osileta inakwenda polepole kiasi kwamba sikio haliisikii kama noti. Itenganishe na kibodi, washa swichi ya kuipeleka kwenye filta, kisha sukuma gurudumu la kulia kati ya yale mawili yaliyo kushoto mwa kibodi. Kikomo kinaanza kupanda na kushuka chenyewe, na noti moja uliyoishikilia inasema "wau, wau, wau", ule mdomo wa mwanzo ukifunguka na kufumba bila mkono wa mtu.