Maktaba ya chuo kikuu kwa msomaji asiye mwanachuo

Kwa kuwa mimi ni mkutubi wa marejeo, watu wasio wanachuo huniuliza mara kwa mara kama wanaweza kuazima vitabu. Kwa kawaida jibu ni hapana, lakini hilo lisimkatishe mtu tamaa, kwa maana vitu adimu zaidi katika maktaba ya chuo kikuu haviazimwi hata na wanafunzi wenyewe. Husomewa pale pale.

Mfano ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Jengo lake jipya, lililozinduliwa Novemba 2018, lina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, ila ninachomshauri mgeni akifuate ni East Africana, yaani mkusanyo maalumu wa maandishi yahusuyo Afrika Mashariki. Humo zimo nyaraka za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika juu ya mila na sheria za Wasukuma, Wahaya na jamii nyingine. Chuoni hapo ipo pia miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, iliyomo katika katalogi ya J. W. T. Allen iliyochapishwa 1970. Mzee wa Usukuma anayefuatilia habari za utemi wa kwao asione haya kuziulizia nyaraka hizo, kwani zinamhusu yeye kabla ya kumhusu mtafiti yeyote.

Kabla ya kufunga safari, fungua katalogi ya maktaba kwenye intaneti na unakili alama ya rafu yote, herufi na tarakimu. Vyuo vikuu vingi hufuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo historia ya Tanzania imo katika DT 436 hadi 449 na Kiswahili huanzia PL 8701, kwa hiyo aliyezoea namba za Dewey, mfumo mwingine wa kupanga vitabu kwa tarakimu, akiandika nusu ya alama atazunguka bure. Mikusanyo maalumu haina rafu za wazi: unajaza fomu, unaletewa, na unaandika kwa penseli.

Barua ya utambulisho utakayokwenda nayo itaje hasa unachokitafuta, kwa sababu maneno "kwa ajili ya utafiti" hayamwongozi mkutubi popote. Ada na masharti uyaulize mapema. Ulizia vilevile kompyuta za ndani, kwa kuwa mikataba mingi ya majarida ya kulipia humruhusu msomaji aliyemo jengoni, hata pale isipomruhusu kuyafungua akiwa nyumbani.