Shaba ileile, ng'ombe inamponya kondoo inamuua

Swali ninaloulizwa sana na wafugaji ni hili, dokta nitajie madini mazuri nichanganye kwenye chakula. Na mimi kila siku najibu kwa swali, unamlisha mnyama gani na maji anakunywa ya wapi? Watu wananuna hapo, wanaona nawazungusha, ila mwenzenu nina sababu.

Chukua shaba. Ng'ombe anataka kama miligramu 10 tu kwa kila kilo ya chakula kikavu. Sasa unaweza ukapima malisho ukazikuta hizo 10 na bado ng'ombe kapauka manyoya, kuzunguka macho utadhani kavaa miwani, mimba hazishiki, ndama wanaharisha. Kwanini? Kule kwenye tumbo la kwanza, lile la kuchachushia majani, madini mengine mawili, molibdenamu na salfa, yanaikamata shaba, na ikishakamatwa hainyonywi tena, inatoka na mavi. Maji yenye chuma kingi, yale yanayoacha kutu kwenye ndoo, yanazidisha balaa. Yani mnyama anaila shaba kila siku na bado ana upungufu wa shaba.

Halafu usiniletee majibu ya damu peke yake ukadhani umemaliza, maana stoo ya shaba ni ini, na ini linaendelea kuikopesha damu mpaka akiba inakaribia kuisha, kwahiyo damu inasoma poa kabisa huku stoo inaelekea kukauka. Kipimo cha ini ndo kinasema ukweli, hata kipande cha kutoka machinjioni kinasaidia.

Basi mtu akishasikia hivi anakimbilia premiksi ya ng'ombe, ule mchanganyiko wa madini wa kuongeza kwenye chakula, na kwavile banda ni moja anawamwagia na kondoo humohumo. Hapo ndo roho inaniuma. Kondoo shaba ikizidi kuitoa ni shida, anairundika tu kwenye ini, wiki zinapita, miezi inapita, anakula vizuri, siku akipata msukosuko kidogo, kasafirishwa au kashinda njaa, ini linaimwaga kwenye damu kwa mpigo, seli nyekundu zinapasuka, macho yanakuwa manjano, mkojo mwekundu unaoelekea weusi, siku mbili tatu kafa. Nilishampasua mmoja wa hivyo, figo nyeusi tii, na mwenye mali alikuwa kashaamua jirani ndo kamwekea sumu! Sheria za Umoja wa Ulaya zenyewe zinaweka mwisho miligramu 15 kwa kilo ya chakula cha kondoo, wakati ng'ombe aliyeanza kucheua anaruhusiwa 30. Soma lebo jamani.

Seleniamu, madini mengine hayo, nayo ni hivyohivyo, tena kiasi chake ni kidogo zaidi. Mahitaji ni kama miligramu 0.1 mpaka 0.3 kwa kilo, ikikosekana ndama na wanakondoo misuli inapauka kama nyama iliyochemshwa na wanashindwa kusimama, ila ukifika 5 unacheza na sumu. Kwahiyo kama umeshawachoma sindano ya seleniamu, jiwe la kulamba lina seleniamu na premiksi inayo, jumlisha kwanza.

Wa kuwapa madini bila kuniuliza ni watoto wa nguruwe waliozaliwa kwenye sakafu ya zege. Mtoto anahitaji chuma kama miligramu 7 kwa siku, maziwa ya mama yanampa kama 1, na udongo wa kuchimbua hana. Sindano ya miligramu 200 siku ya tatu hivi, hao siwazungushi.