Acheni kuniuliza habari ya mzuka

Juzi nimepata tena ujumbe uleule. "Shikamoo dada. Kuchora najua, ila mzuka umekata tangu mwezi wa tatu. Wewe huwa unaupandishaje?" Ni kijana wa hapahapa Mwanza na kazi zake nazipenda, kwa hiyo sitaki kumjibu kwa mistari miwili kama nilivyowajibu wenzake.

Nauza nakshi zinazojirudia za vitambaa na karatasi, vifurushi vya brashi na stika. Mzuka ninaujua. Unakupata saa nne usiku, unachora mpaka adhana ya alfajiri, na kukicha una picha nzuri. Una picha, bidhaa bado. Kwenye tableti yangu kuna folda nzima ya picha za namna hiyo na sijauza hata moja, kwa sababu mzuka uliondoka kabla sijatengeneza kipande kinachojirudia, yaani mraba mmoja unaopangwa kando kwa kando mpaka ujaze kitambaa.

Hapa ndipo sieleweki, kwa hiyo nitakaa hapa. Kipande changu huwa pikseli 3600 kwa 3600, yaani inchi 12 kila upande ukichapa nukta 300 kwa inchi. Unachora katikati. Kisha unasogeza kila kitu nusu kwenda kulia na nusu kwenda chini, kinachotokea upande mmoja kinaingilia upande wa pili, kingo za nje zinakuja kukutana katikati kama msalaba, na mshono wote unabaki wazi. Unauziba. Ukidhani umemaliza, panga nakala 16 za kipande hicho, nne kwa nne, halafu rudi nyuma hatua mbili utazame. Samaki mmoja mwenye jicho jeusi kuliko wenzake amegeuka gwaride. Mapengo madogo uliyoyaacha yameungana yakawa mfereji unaokata kitambaa chote mshazari. Unamsogeza samaki, mfereji unahamia kwingine. Unarudia mara nane, mara kumi. Nani aliwahi kupandwa na mzuka kwa kazi hiyo? Na hiyo ndiyo anayoilipia mteja, maana gauni likishashonwa, mfereji utapita kifuani na kila mtu atauona.

Rangi nazipitia haraka. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaurudisha tu, kwa hiyo buluu inayowaka kwenye tableti itafifia kwenye wino. Chapa kipande cha majaribio kabla ya kuuza. Basi.

Nilivyojifunza kuendelea bila kungoja mzuka ni habari ya Mwaloni, soko la samaki kule Kirumba. Nilikwenda kutazama dagaa kwa ajili ya seti ninayoifanya sasa, baada ya kupoteza siku tatu nikiwapaka kijivu. Dagaa si wa kijivu. Ule mng'ao wa fedha ni weupe uliokaa ubavuni mwa rangi inayokaribia kuwa nyeusi, na ubuluu kidogo kati yake; ukichanganya vyote pamoja unapata tope. Hilo nililiona kwa dakika kumi, nimechuchumaa kwenye vichanja.

Nikamuuliza mzee mmoja mbona mitumbwi mingi iko nchi kavu. "Mwezi unang'aa, mwanangu." Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mbalamwezi ikitanda, taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Basi wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala. Sikumsikia hata mmoja akilalamika kwamba mzuka wa kuvua umemkata.

Tangu siku hiyo kazi yangu nimeigawa. Ipo ya giza: kuchora, kutafuta umbo, kuchagua rangi tano za seti nzima. Ipo ya mbalamwezi: mishono, saizi, majina ya mafaili, kufuta madoa kwenye leya (yale matabaka ya picha kwenye tableti), picha za kumwonyesha mnunuzi. Mkono ukikataa kuchora, siukalishi mbele ya ukurasa mweupe. Naupa mishono. Mara nyingi, nikiwa katikati ya kuziba mshono wa kumi, naona umbo ambalo sikulipanga, na kabla sijajua nimeshaanza kulichora.

Mara nyingi, si kila mara. Mwaka jana nilikaa miezi miwili kwenye mbalamwezi bila kuchora kitu, nikisafisha mafaili ambayo tayari yalikuwa safi. Nilikuwa najificha. Mpaka leo sina kipimo cha kutenganisha kupumzika na kujificha, isipokuwa dalili moja: nikianza kuzipa leya majina mapya kwa mara ya pili, najua naogopa.

Na kuna jambo jingine linaloniuma. Seti ya sangara ilinichukua wiki tano, haiuziki. Ya gugu maji niliimaliza kwa siku mbili, na ndiyo inayoninunulia bando. Ua lake la zambarau ni zuri kweli, lakini mimi nimeona mtumbwi umekwama kwenye zulia lile na watu wanapiga kasia bila kwenda popote. Mnunuzi wa mbali anaona ua tu. Nimefikiria kuitoa sokoni. Sijaitoa.

Seti ya dagaa iko kwenye nakshi ya tatu kati ya nane, na mfereji bado upo. Wewe kijana, ukisoma hapa, fungua lile faili la mwezi wa tatu. Usichore kitu. Lisogeze nusu kulia na nusu chini, uangalie katikati, halafu niandikie umeona nini.